Kwa Mtani Wangu Aliyesema Wimbo Wangu Unabweka

Mtani wangu,

Msibani kwako kila mtu alikusema kwa upole. Upole huo nimewaachia wao. Mimi ni Mhehe, wewe Mngoni, na babu zetu walipopigana mpaka wakachoka walituachia ruhusa ya kutaniana hadi kaburini. Ruhusa hiyo uliitumia wewe kwanza.

Unaikumbuka siku ile ya mazoezi, Iringa? Ilikuwa baridi ya Juni, wanakwaya tumejifunga mashuka mabegani. Wewe mwalimu wetu wa kwaya ulikuwa umerudi kutoka masomoni Ulaya na sanduku la nyimbo za watunzi wakubwa wa kule, wale waliokufa zamani wakiwa na nywele za bandia. Tuliziimba kwa Kilatini na Kijerumani bila kujua tunaomba nini. Nilizipenda, Mwalimu. Nalisema hili mapema usije ukadhani nilikuwa mshamba mwenye wivu. Nilizipenda hata nikajifunza zilivyofumwa, na msimu mzima wa kilimo, nikiwa nyumbani Mafinga, nikatunga wa kwangu: wimbo wa kuaga, kwa Kihehe, sauti nne. Niliutunga kwa ajili ya mama, aliyezikwa mimi niko shuleni, bila kumwona.

Nilikupa ukausome peke yako. Wewe ukakaa kwenye kinanda mbele ya watu wote, ukaupiga haraka haraka huku umekunja uso, kisha ukageuka.

"Wimbo unabweka huu! Mhehe, umetunga umeshiba mbwa?"

Utani wenu ule ule, kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. Watu walivunjika mbavu. Nilipotoka nalia ulinifuata mlangoni. "Aa, mtani, sasa unalia nini? Si utani tu huo?"

Na mtani hakasiriki, ndiyo sheria yenyewe. Nikafuta machozi nikacheka mbele yako. Moyoni nikasema, haya, tutataniana.

Sikutunga tena wimbo wa huzuni. Nilichukua namna ya wale wakubwa wako, sauti zikiingia moja moja na kukimbizana, nikaipa habari ya mbuzi. Besi wanaanza kwa uzito wote: mbuzi ameingia shambani. Sauti ya tatu wanathibitisha: mbuzi ameingia. Ya pili wanauliza ameingia wapi, ya kwanza wanapanda juu kabisa kutoa taarifa, na hakuna hata mmoja anayekwenda kumfukuza mpaka mahindi yamekwisha. Halafu Amina, ndefu kama ulivyozipenda. Nikatunga na wa abiria wanaongoja basi pale Nyololo: kila mara wimbo unapokaribia kwisha, kondakta anatangaza kwamba safari bado. Nikaunda kwaya yangu nyumbani, na wapasua mbao wa Mafinga walicheka hadi wakakaa chini. Kufikia mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, kwaya yangu ilikuwa haikosi kwenye sherehe. Watu ambao hawajawahi kukusikia wewe wala wakubwa wako walikuwa wanajua namna ya kuwacheka.

Ukahamia Mbeya. Nikakufuata na kwaya yangu. Ulikaa safu ya mbele na koti lako jeusi, na kwa kuwa mtani hakasiriki, ulicheka. Niliyaona meno yako yote, na macho hayakuwemo. Raha ile sijaipata tena popote. Jumapili iliyofuata, besi wako walipoanza ule wimbo wako mkubwa wa Pasaka, mtu mmoja kwenye mabenchi alinong'ona "mbuzi ameingia", na kanisa zima likaanza kukohoa kwa kujizuia. Alinisimulia shangazi yangu anayesali hapo. Nikamwomba anisimulie tena. Uliuondoa wimbo ule, ukauondoa na uliofuata, mwishowe kwaya yako ikabaki na nyimbo za kitabuni za kila siku. Ulionja kidogo nilichokula mimi.

Ulipofariki nilikuja. Mjane wako, anayeijua mila ya mtani kumwigiza marehemu, alinivisha koti lako kwa mikono yake. Nikashika mwiko badala ya kifimbo chako, nikasimama mbele ya jeneza, nikawaongoza waombolezaji kama ulivyotuongoza: shingo mbele, kidole mdomoni, "Sauti ya pili, mnalala!" Walicheka huku wanalia.

Baadaye mjane wako aliniita jikoni. "Alikuwa anaimba wimbo wa mbuzi kila akinyoa ndevu," akasema. "Alisema yule Mhehe peke yake ndiye aliyeshika alichofundisha."

Nilidhani nitafurahi. Nilikasirika. Ulilijua hilo miaka yote, ukaona nafuu kukiambia kioo kuliko kuniambia mimi. Neno moja tu, Mwalimu, mbele ya wale wale uliowachekesha.

Basi nikarudi Mafinga nikijiambia kwamba mambo yako yamekwisha, sasa ni zamu ya mama. Nikawapa wanakwaya wangu ule wimbo wa kuaga, kama nilivyoutunga, nikawaambia tutauimba kaburini kwake. Besi walianza vizuri. Nilifumba macho. Sauti ya tatu walipoingia nikasikia mtu anabana pumzi, na nilipofumbua, mabega yalikuwa yanatikisika safu nzima. Kisha wakaangua wote. Mzee mmoja wa besi, mtu mwema kabisa, alijifuta machozi kwa kofia.

"Dada, huu ndio mwisho wa maneno! Huyo marehemu anazikwa au anakimbizwa?"

Nimejaribu na kwaya nyingine tangu hapo. Nikisimama tu mbele yao wanaanza kutabasamu.

Wengine wamekutakia upumzike kwa amani. Mimi sikutakii, Mwalimu. Mama yangu bado hajaimbiwa.

Ni mimi mtani wako,
Mhehe wa Mafinga