Mgongoni mwa Mlima

9 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Bado linatangulia kutangaza mvua kabla ya redio? Mimi mzima, nakula vizuri, na kabla hujauliza: ndiyo, nalala na soksi.

Umesema majirani wanakuuliza kazi yangu ni ipi, unashindwa kuwaeleza. Waambie hivi: binti yangu ni fundi baiskeli huku ughaibuni, kwenye uwanja wa michezo uliojengwa ubavuni mwa mlima. Watu wanapandishwa juu wamekaa kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, halafu wanashuka mbio kwenye vijia vilivyochongwa kwa mashine, kona zake laini kama bakuli. Wakifika chini wanapanda tena. Sisi wa karakana tunabaki na breki zilizoungua na magurudumu yaliyopinda. Jioni nina grisi mpaka viwikoni.

Nimepata rafiki. Sote tunamwita Dobi, maana ndiye mkubwa wa chumba cha kufulia kwenye hoteli ya uwanja. Ni dada aliyenizidi umri kidogo, na kicheko chake kinashinda kelele za mashine zake zote. Alinunua baiskeli kuukuu, nikamfufulia. Tangu hapo hanipi nafasi ya kupumua: "Kila siku tunatengeneza starehe za watu. Zetu lini?" Anataka tuuache uwanja, twende ng'ambo ya bonde, kuna njia ya miguu inayopita juu kabisa, mgongoni mwa mlima. Huko hakuna waya wala kiti. Unapanda kwa jasho lako mwenyewe. Wanaoipita ni wafugaji tu, na ng'ombe wao.

Nataka, na naogopa. Wanasema katikati kuna ngazi za mawe zinazoshuka kwa ghafla, mkono huu mwamba, mkono huu hewa tupu. Usishtuke. Hapo tutashuka na kuzibeba baiskeli.

Mwanao,
Kitinda


27 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba mwanangu. Goti ni lilelile, limezoea kunitawala. Vinginevyo sina neno, isipokuwa sare za shule. Nimeshona milia mpaka naiona hata kwenye ukuta mweupe.

Barua yako nilimsomea jirani. Akauliza, "Huko juu wanafuata nini?" Nikamwambia hawafuati kitu. "Kuna duka?" Hakuna. "Kuna ndugu?" Hakuna. "Sasa wanapanda kwa nini?" Nikamwambia anywe chai yake inapoa. Alipoondoka nikabaki na swali lake mezani.

Kwa akili yangu mimi baiskeli ndiyo inayombeba mtu. Mtu kuibeba baiskeli, tena mlimani, hiyo ni habari mpya. Lakini sikukatazi. Ulipokuwa mdogo nilikukataza kupanda paa, ukapanda nikiwa sokoni. Afadhali uende nikijua. Usiende peke yako, usimwonee haya mtu kusema umechoka, na huyo Dobi mwambie mama yako anamsalimu na anamtazama kwa jicho kali.

Ukifika juu, niangalizie. Dunia yangu mimi ni kutoka kwenye cherehani hadi dirishani.

Mama yako


15 Julai

Mama yangu,

Shikamoo, na salamu zangu kwa jirani mwenye maswali. Mwambie nimepata jibu lake ila halitoshi kwenye karatasi.

Tulikwenda! Kupanda kulituchukua asubuhi nzima. Sehemu nyingine tuliendesha, sehemu nyingine tulisukuma huku tunatukanana kwa upendo. Dobi alikuwa anasimama kila penye jiwe la kukalia, anasema anaangalia mandhari. Mandhari gani, pua imegusa magoti!

Halafu miti ikaisha. Mama, sijui nikuelezeje. Unatoka kwenye msitu wa giza, mara juu yako hakuna kitu chochote. Njia ni nyembamba kama mkanda, imelala juu ya mgongo wa mlima, na mgongo wenyewe unakwenda, unapinda, unakwenda. Kushoto bonde lina ziwa la kijani, kulia bonde lina kivuli cha wingu kinachotembea. Milima ya mbali ina theluji na sisi tumevaa fulana za mikono mifupi. Hakuna aliyetupita. Tulisikia kengele za ng'ombe tu, huko chini, na tairi zetu zikikwaruza changarawe.

Nilikuwa nimejikaza, mabega yamepanda masikioni. Dobi akanipita akiimba kwa sauti ya ovyo, miguu ameinyoosha pembeni kama mtoto. Nikacheka, na nilipocheka mikono ikalegea kwenye breki, baiskeli ikaanza kwenda yenyewe. Sikujua kama mtu anaweza kuwa mwepesi hivyo.

Kwenye ngazi za mawe tulibeba baiskeli kama nilivyokuahidi. Nilishuka nimegeuzia uso upande wa mwamba. Dobi anasema kabla theluji haijafunga njia lazima turudi.

Mwanao,
Kitinda


20 Agosti

Kitinda wangu,

Umzima? Mimi sijambo. Barua yako nimeibandika ukutani mbele ya cherehani. Nikichoka na milia natazama kile kivuli cha wingu. Jirani amekuja kusoma mara mbili na hajauliza kitu tena.

Mkirudi huko, uniandikie tena. Kwa urefu, usinibanie.

Mama yako


18 Septemba

Kitinda,

Salamu sana. Hujambo kweli?

Kwenye simu hupokei. Unanitumia maneno mawili: "Niko salama." Juzi hivyo, wiki iliyopita hivyo. Mtu aliye salama ananiambia amekula nini, analalamikia bosi, ananiuliza goti. Mtu anayerudia "niko salama" kila mara, mimi mama yake najua kuna jambo.

Sitakugombeza. Kama ni kazi umeachishwa, niambie. Kama ni mwanaume, niambie pia, nimeshasikia mabaya zaidi ya hayo kwa wateja wangu wakati wa kupima viuno. Lakini usiniache na maneno mawili.

Mama yako


2 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Mwili wangu ni mzima. Hilo nimesema kweli.

Mwishoni mwa Agosti tulirudi kule mgongoni. Siku ilianza nzuri. Tulikuwa tumekaribia ngazi za mawe, Dobi yuko mbele, gurudumu lake la mbele likanasa kwenye ufa. Sikumwona akianguka, nilisikia. Nilipofika alikuwa chini ya njia, amelala juu ya jiwe pana, na paja lake limepinda mahali paja lisipopinda.

Simu hazikushika. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nilimfunika koti lake, koti langu na turubai ya begi. Nikamwambia nakwenda kutafuta watu. Akanishika mkono. "Usiniache, Kitinda. Nakuomba, usiniache."

Mama, nilimwacha. Niliubandua mkono wake, kidole kimoja kimoja.

Kwa miguu ningechelewa, ukungu ungenikuta juu. Kwa hiyo zile ngazi nilizishuka juu ya baiskeli. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Nilikuwa nasikia breki zangu zikilia na sauti yake nyuma, mpaka sauti ikaisha. Nilifika kwenye kibanda cha wafugaji, wana redio ya kuita waokoaji. Helikopta ilishindwa kwa sababu ya ukungu. Waokoaji walipanda kwa miguu na machela, wakanikataza kurudi nao kwa sababu nilikuwa nimechoka mno. Walipomleta alikuwa amefungwa mablanketi, macho ameyafumba. Nilidhani wameleta maiti.

Yuko hai. Yuko hospitali ya hapa mjini. Wenzake wa kufulia wanasema mguu wake umefungwa vyuma vinavyotokeza nje ya paja, anashinda amefunikwa shuka tu, hawezi kuvaa kitu. Mimi nilikwenda mara moja. Nikafika mlangoni, nikamsikia akilia wanapomgeuza, nikageuka nikashuka ngazi. Sijarudi. Ataniangaliaje? Nikilala ninasikia "usiniache".

Karakana nafanya kazi, lakini baiskeli yangu siigusi. Nafikiria kurudi nyumbani.

Mwanao,
Kitinda


19 Oktoba

Kitinda wangu, mwanangu,

Pole. Pole sana mama. Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaifunga cherehani, jambo ambalo mchana silifanyi.

Nimekuwa nikijiuliza nikwambie nini. Nilichotaka kwanza ni kupanda ndege nije nikushike kichwa. Kwa kuwa siwezi, nitakuuliza swali moja. Dobi amekuambia ana hasira na wewe? Au umemuuliza ukiwa chumbani kwako, ukamjibia mwenyewe? Mimi nasoma barua naona mtu mmoja mgonjwa kitandani na mwingine anajificha nyuma ya ukuta, na wote wawili wanaumia.

Ulifanya sawa. Ungekaa naye mngeganda wawili. Hilo unalijua, na najua kulijua hakukusaidii kulala.

Sasa sikiliza. Umesema vyuma vimetokeza nje ya paja. Basi suruali haipiti, na sketi inapanda akigeuzwa, na mtu mzima kushinda amefunikwa shuka mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Nimemshonea suruali. Mguu wa kulia mzima umefunguka ubavuni, una vifungo vya kubonyeza kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo, wauguzi watafungua watakapo. Kitambaa ni cha pamba, hakikwaruzi. Hukuniambia ni mguu upi, kwa hiyo nimeshona mbili. Kiuno nimekisia kwa kicheko chake. Mtu anayecheka hivyo hawezi kuwa mwembamba.

Nimezitia kwenye kifurushi hiki. Zipeleke wewe, kwa mkono wako. Usimpe mwenzake, usiache mapokezi. Usiende na maelezo, nenda na suruali. Akikufukuza, anza safari ya nyumbani siku hiyohiyo, mlango uko wazi. Lakini akufukuze yeye, usijifukuze.

Mama yako


14 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nilikaa na kifurushi chako juu ya kabati siku kadhaa. Wiki iliyopita nikaenda.

Alikuwa ameegemea mito, amepauka, nywele amesukwa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Aliniona nimesimama mlangoni. Nikatembea mpaka kitandani, nikaweka suruali juu ya shuka. Maelezo yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakapotea.

"Umekuja kufanya nini?" akaniuliza.

"Mama amekushonea."

Akaigeuza, akabonyeza kifungo kimoja, akakifungua, akakibonyeza tena. Halafu akaanza kulia. "Kule mlimani uliniacha mara moja," akasema, "nikaelewa. Nilikuwa na maumivu lakini sikuwa mjinga. Hapa mjini umeniacha kila siku. Kila mlango ukifunguka nageuza shingo."

Mama, nilivuta kiti nikakaa.

Baadaye akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Alikuwa anasikiliza breki zangu nikishuka. Zikalia, zikalia, halafu ghafla kimya. Mimi nilikuwa nimefika kwenye nyasi, ndiyo maana hazikulia tena. Yeye juu ya lile jiwe alijua nimeanguka. "Sikumlilia mtu aliyenikimbia," akasema. "Nilikulilia wewe. Nilijua nimekuua kwa kelele zangu za kutaka kwenda mlimani." Hakuamini kuwa niko hai mpaka waokoaji walipofika wakamwambia ni mimi niliyewatuma. Na mimi huko chini nilimwona kwenye mablanketi nikadhani amekufa. Kila mmoja amemzika mwenzake, Mama, halafu tukanuniana.

Mguu ni wa kulia. Ile suruali nyingine amempa mgonjwa wa jirani. Kiuno kinambana, anasema unamdhania mwembamba, basi nikamwonyesha barua yako akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Daktari anasema baiskeli asiitaje kwa sasa, labda isiwe tena kabisa. Atatembea na fimbo. Aliposema hayo hakucheka.

Sirudi nyumbani kwa sasa. Jioni nikitoka karakana napitia kwake, namsaidia mazoezi. Leo wametaka atoke kitandani kwa mara ya kwanza. Muuguzi alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine, na yeye akaniviringishia mkono shingoni kwa nguvu zake zote, anatukana, jasho linamtoka, suruali yako imefungwa vifungo vyote. Tukaenda mpaka dirishani. Sasa hivi ninavyoandika shingo bado inaniuma, na sina haraka ipone.

Mwanao,
Kitinda