Bima ya Gari la Mwalimu Abner

Kwa Mwalimu Abner Okemwa,
Ekerenyo, Kisii,
Kenya.
9 Machi 1968

Dada yangu Mwamvita,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, maumivu ya mgongo yamepungua, na mvua za huko Tabora hazijalibomoa tena paa la jikoni kama mwaka juzi. Mimi mwili wangu ni mzima. Nisalimie Zena. Nikihesabu vizuri sasa ana miaka tisa, na mwambie mjomba wake anaikumbuka sura yake, ingawa huenda yeye ameshaisahau yangu.

Najua nimekaa kimya tangu kabla ya Ramadhani, na najua umeniuliza mara mbili kupitia kwa watu wa Mwanza kama bado niko hai. Nisamehe. Kuna sababu, na nitaifikia. Acha kwanza nikueleze niko wapi na ninafanya nini.

Nilipotoka Musoma nilivuka Sirari nikaingia Kenya, nikafika mji wa Kisii. Pale kuna Waislamu wachache wenye maduka, na mmoja wao, Mzee Shariff, alinipa kazi ya kupakia mizigo. Mwezi wa kumi na moja akaja kwake mwalimu mstaafu anayeitwa Abner Okemwa, mtu wa huku Ekerenyo, kaskazini ya mji ule. Alikuwa amenunua Landrova kuukuu kwa mzungu mmoja wa mashamba ya chai ya Sotik aliyekuwa akirudi kwao. Amenunua gari, lakini hajui kuendesha wala hataki kujifunza; anasema macho yake yameishia kwenye madaftari ya watoto. Gari ni la mkewe, Mama Orpah. Miguu yake inavimba, moyo umechoka, na daktari wa Kisii anataka kumwona kila juma. Mzee Shariff akanitaja mimi.

Basi ndiyo nikaja huku. Ni nchi ya vilima vya kijani tupu, chai huku na migomba kule, na karibu kila alasiri mvua, mara nyingine ya mawe. Baridi yake, dada, usiombe. Wamenipa chumba kizuri na blanketi mbili. Mama Orpah huagiza niletewe ugali wa wimbi na mboga chungu wanayoiita chinsaga, na siku hizi nimeizoea. Hawa ni Wasabato. Hawavuti, hawanywi hata chai wanayoilima, na Jumamosi kila kitu kinasimama. Leo ni Jumamosi. Wamekwenda kanisani wote, na boma lote limebaki kwangu na kuku.

Kisichozoeleka ni ukimya. Watu hapa ni wema, lakini nyumbani na sokoni wanaongea Kikisii, na Kiswahili wanakitunza kwa ajili ya ofisini na wageni. Mimi ndiye mgeni. Nikipita njiani wananisalimu vizuri, kisha wanaendelea na mazungumzo yao. Hakuna anayeniita Osman. Kwa wote mimi ni yule Mswahili wa Mwalimu. Kuna siku zinapita ambapo maneno yangu yote ni kujibu salamu na kusema asante. Idd nilisali peke yangu kwenye chumba hiki, nikapika wali wenye iliki niliyopewa na Mzee Shariff, nikautia kwenye sinia kama vile watu watakuja. Nilikula upande mmoja wa sinia. Upande wa pili nilimpelekea Mama Orpah, akala kidogo kwa heshima tu, maana viungo vyetu havijui.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Mwalimu ni mtu wa sheria. Alikataa gari lisogee hata hatua moja kabla halijakatiwa bima. Tukaenda ofisi ya bima iliyoko Kisii, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, kwa karani aitwaye Onyancha. Ni kijana wa tai, mpole, anayeandika taratibu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo yeye alisoma swali, akalitafsiri, mimi nikajibu, naye akaandika. Jina. Jina la baba. Raia wa wapi. Hapo kalamu ikasimama. Akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba dereva wa hapa anajulikana, faili lake liko polisi na lingine kwenye bima, lakini mimi hakuna anayejua nimetoka kwenye gari gani. Leseni yangu aliiona ni halali, ila leseni haisemi mtu ameendeshaje. Kisha akaniuliza kama nimewahi kupata ajali, na akatazama kovu la kwenye paji la uso wangu.

Nilisema niliwahi kuwemo kwenye gari lililopinduka njia ya Shinyanga, mwaka wa sitini na mbili. Nilisema nilikuwa abiria, dereva alikuwa shemeji yangu.

Akaandika. Akasema kampuni haitanikubali mpaka ipate barua ya polisi wa kwetu inayoeleza ajali ile na kuthibitisha kwamba sina kosa barabarani. Ataiomba mwenyewe kwa posta. Tungoje.

Tulingoja zaidi ya miezi miwili. Landrova ilikaa chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba, nikaiosha kila asubuhi ingawa haikuwa na vumbi. Na kila Jumanne nilitazama majirani wanne wakimbeba Mama Orpah kwenye kiti mpaka barabara ya Nyamira kungojea basi, huku mimi, dereva wake, nikitembea nyuma nimeshika mwavuli. Siku moja mvua ilitukuta katikati ya njia. Mmoja aliteleza, kiti kikainama, Mama Orpah akaanguka kwenye matope. Hakulia. Aliniangalia mimi niliyesimama na mwavuli, akasema jambo kwa Kikisii, wenzake wakacheka kidogo. Mwalimu akaniambia baadaye kwamba alisema nisihuzunike, siku zangu zinakuja.

Barua ya polisi ikaja katikati ya mwezi uliopita. Onyancha alituita, akatusomea kwa furaha, maana alishaanza kutuonea huruma. Iliandikwa kwamba Osman, mtoto wa Mfaume, hana kosa lolote. Kwamba katika ajali ile walikufa watu wawili, mwanamke mzee aitwaye Kalunde, na dereva aitwaye Selemani Kitwana, ambaye mwendo wake wa kasi ndio uliosababisha gari kupinduka. Alipomaliza akainua macho, akasema:

“Pole sana, Bwana Osman. Kumbe hukuwa na kosa kabisa. Huyo shemeji yako ndiye aliyewaponza.”

Nilijibu kwamba ndiyo, ni hivyo. Akanigeuzia fomu, nikatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba yote niliyoyaeleza ni kweli. Cheti cha bima kikabandikwa kwenye kioo. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nimemwendesha Mama Orpah majuma matatu. Naendesha polepole mno, hata wenye baiskeli wananipita kwenye vilima, na Mwalimu na mkewe wanadhani ni kwa ajili ya ugonjwa wake. Juma hili, Jumanne, tulipokuwa tunatoka hospitali, akaniwekea mkono begani kutoka nyuma, akafumba macho, akaomba kwa sauti. Aliomba kwa muda mrefu. Nilisikia Nyasae, ambaye ndiye Mungu kwa lugha yao, na nikasikia akinitaja, si kwa jina la Mswahili, bali Osman. Alijifunza jina langu ili aombe nalo. Nilimwuliza Mwalimu, aliyekaa pembeni yangu, amesema nini. Akasema anamshukuru Mungu kwa kumletea dereva ambaye mikono yake haijamdhuru mtu.

Dada, nilisimamisha gari pale pale kando ya barabara. Nilishuka, nikaegemea mlango. Mwalimu akashuka akanifuata, akidhani naumwa. Nikamwambia. Mtu wa kwanza kuambiwa ulipaswa kuwa wewe, na hilo nalo naomba unisamehe.

Siku ile mimi ndiye niliyekuwa naendesha.

Selemani alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri. Tulipopita Nzega alisema macho yanamwuma na barabara mbele imenyooka, basi nishike mimi kidogo. Sikuwa na leseni. Alikuwa akinifundisha kwa siri, bila tajiri wake kujua, unajua alivyokuwa, hawezi kumnyima mtu kitu. Yeye ndiye aliyemwona Bibi Kalunde njiani na mzigo wake, akaniambia nisimame tumchukue. Tukamweka katikati. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka yule bibi aone najua gari. Nilikanyaga mafuta. Kwenye kalvati palikuwa na ng'ombe, nikakata usukani, na sikujua tena kuurudisha.

Nilipopata fahamu nilikuwa nje, kwenye majani, na watu wamejaa. Polisi akaniuliza nani alikuwa anaendesha. Nilimwona Selemani amefunikwa khanga ya mtu. Nikasema, yeye. Neno moja tu. Nilidhani haliwezi kumdhuru tena mtu aliyekufa.

Halikumdhuru yeye, lilikudhuru wewe. Nilikuwepo msibani watu walipokuwa wakinong'ona. Nilikuwepo watoto wa Bibi Kalunde walipokuja mlangoni kwako kukuambia usije kuwapa mkono wa pole. Nilikuwepo ulipoacha kwenda soko kubwa kwa sababu yao. Nilimsikia mama mkwe wako akisema hajui alimlea mwanawe vipi hata akawa mtu wa kuua bibi wa watu kwa ajili ya kasi. Nililala chini ya paa lako, nikala chakula chako, wewe ukinifunga kidonda cha paji la uso kila jioni na kunishukuru kwa kuwa nilibaki nawe. Ndiyo maana niliondoka. Si kutafuta kazi kama nilivyosema. Nilishindwa kukuona unanihurumia.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia. Aliuliza kama una mtoto, nikasema yupo. Kisha akasema:

“Jumatatu tutakwenda kwa Onyancha, na ile fomu tutaifuta. Lakini dada yako asije akaisikia habari hii kutoka ofisini. Mwandikie kwanza.”

Jioni nikamwambia bima ikifutwa Mama Orpah atarudi kwenye kile kiti. Akasema hilo analijua, na kwamba ameshaongea na mkewe, naye amesema atabebwa. Tangu hapo hawajabadilika kwangu. Chakula kinakuja kama kawaida. Sijui kama ningeweza kuwa mwema hivyo mimi.

Jumatatu nitamwambia Onyancha aandike upya. Huenda kampuni ikanikataa, na huenda polisi wa hapa wakawaandikia polisi wa huko, na nikaitwa kurudi. Nikiitwa nitakuja. Sitavuka mpaka mwingine tena.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili. Nimeandika humo kwa kifupi yale niliyokueleza, nimetia sahihi na dole gumba, na Mwalimu ametia sahihi kama shahidi. Ni yako, ifanyie utakavyo. Mimi ningependa mama mkwe wako asomewe kwanza, maana ni mzee na hatuna uhakika wa siku, kisha wapelekewe watoto wa Bibi Kalunde. Ukitaka kuwapelekea polisi, wapelekee. Usinifiche kwa sababu ni ndugu yako.

Sikuombi unijibu. Ukinijibu kwa hasira nitaisoma, na hata ukinirudishia barua hii bila neno nitajua umeipata. Wasalimie majirani wa Ng'ambo wale ambao bado watataka salamu zangu. Mama Orpah na Mwalimu wanakusalimu pia, wameniomba nisiwasahau.

Na Zena, akishakuwa na umri wa kuelewa, au hata leo ukiona inafaa, mwambie baba yake hakukimbiza gari wala hakumwua mtu. Alikuwa amelala, dada. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea mlango, na alikuwa amelala.

Ni mimi mdogo wako,
Osman Mfaume