Sauti Niliyoizima Alhamisi

Stesheni ya reli, mwezi wa tatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo na wewe Mama, najua umekaa karibu naye wakati barua hii inasomwa. Natumaini mguu wa Baba umepata nafuu ya kumfikisha kanisani Peramiho bila kushikwa mkono, na kwamba mvua haijalaza mahindi ya shamba la chini. Mimi ni mzima. Nimekonda, lakini huku kila mtu amekonda.

Barua yako, Baba, ilinifikia baada ya miezi minne, bahasha imefunguliwa na kubandikwa upya. Nimefurahi kusikia maduka ya Songea yana sukari na sabuni, na mitumba imetandazwa mpaka barabarani. Kuhusu mbolea kuchelewa tangu mambo ya ruksa na biashara huria yaanze, nimesikitika, maana najua shamba lile bila mbolea halitoi kitu. Nilicheka pale ulipoandika kwamba ulimwomba mwalimu wa jiografia akuonyeshe kwenye ramani nchi niliyopo, naye akakuambia haipo tena. Ni kweli, Baba. Nchi niliyokuja kusoma ilikwisha mimi nikiwa kazini. Tulisikia redioni, tukinywa chai.

Halafu umeniuliza lile kubwa: narudi lini kukaa kwenye kiti cha Babu, kwa kuwa wazee wa ukoo wamekwisha kukubaliana na wewe umechoka. Nitakujibu. Ila kwanza niache nikueleze jambo lililonipata. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Kazi yangu, kama nilivyokuandikia zamani, ni kusikiliza vyombo vilivyorushwa angani na kupiga hesabu ya njia vinazopita. Kituo kiko peke yake kwenye nyika tambarare, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka hapa relini. Kuna dishi la chuma ambalo lingefunika kanisa letu lote na bado likabaki. Zamani palikuwa na familia nyingi, shule, na duka la mikate. Nchi ilipokwisha, watu wakaanza kuondoka, wengi bila kuaga. Unapita asubuhi unakuta mlango wa jirani uko wazi, vikombe viko mezani, theluji imeingia mpaka kitandani. Shuleni ubao bado una hesabu ambayo hakuna aliyeimaliza.

Tulibaki watatu. Rustam, mlinzi, mwenyeji wa nyika ile. Galina Petrovna, fundi wa mitambo, mama wa makamo kama Mama. Na mimi. Galina aliwahi kuniuliza habari za kwetu, nikamweleza kuwa babu yangu alikuwa nkosi wa Wangoni. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. "Mwana wa mfalme, vaa kofia!" "Mwana wa mfalme, sahani haijioshi yenyewe!" Nilimpenda sana, Baba. Bila yeye ningekufa kwa baridi mwaka wa kwanza.

Asubuhi moja, kama saa nne, jua likiwaka juu ya theluji mpaka macho yanauma, nilikuwa peke yangu chumba cha mitambo. Mtambo wa kupokea ukaanza kukoroma. Nikavaa hedifoni. Ndani ya mkoromo ule kulikuwa na mtoto wa kike, anahesabu kwa Kirusi, polepole kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya wageni. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika saba akakohoa. Kimya kidogo, akaanza tena moja.

Nikatoka mbio kumwita Galina. Alikuja na unga mikononi, akashika hedifoni kwa vidole viwili, akasikiliza. Sura yake haikubadilika. Akavuta kiti, akakaa.

"Huyo ni Anya," akasema. "Binti yangu."

Nilijua Anya alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka tisa. Picha yake ilikuwa juu ya kitanda cha Galina.

Akanieleza. Zamani alitengeneza kwa mikono yake redio ya chombo kimoja kidogo. Ili kujaribu kama sauti ya mtu inaweza kupita, walitia ndani kanda, na siku ya kurekodi hakukuwa na mtu mwenye sauti safi kuliko bintiye aliyekuja kumletea chakula. Mtoto akafika saba, akakohoa, wakakata. Chombo kikarushwa, kikafanya kazi mwaka mmoja, betri zikafa. Kikafutwa kwenye orodha.

Usidhani mwanao amerukwa na akili. Jambo hili lina maelezo yake. Betri zikioza kwa namna fulani, jua likipiga paneli za chombo umeme hupita moja kwa moja, nacho huamka kama mtu aliyezimia. Kikiingia kwenye kivuli cha dunia hulala tena. Nilimchorea Galina kwenye karatasi. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja. Chombo kilipopita juu yetu alikuwa amekwisha kukaa, nywele zimechanwa, kitambaa safi kichwani. Siku ya tatu nikamkuta amewasha mtambo wa kutuma, anazungumza.

"Anya, umekula? Umevaa soksi?"

"Galina Petrovna," nikamwambia, "kile chombo hakisikii. Sehemu ya kupokea ilikufa zamani."

"Najua. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Akaendelea kuzungumza.

Wakati huo Rustam alipata habari kwamba lori la Ijumaa ndilo la mwisho. Makaa ya kupashia nyumba joto yalikuwa yanakwisha na hakuna atakayeleta mengine. Atakayebaki pale atakufa kwa baridi, si maneno ya kutisha. Tulimweleza Galina tukiwa mezani. Akatupakulia supu.

"Nendeni," akasema. "Mimi nina mtu wa kumsikiliza."

Rustam alimsihi mpaka akatokwa na machozi. Alikuwa kama anazungumza na ukuta.

Basi mimi nikarudi kwenye hesabu zangu. Nilikuwa nimeona njia ya chombo inashuka kila siku. Nikapiga hesabu mara tatu, na mara tatu jibu likawa lile lile: Jumatano, kabla ya saa sita mchana, kitaingia kwenye hewa ya dunia na kuungua chote. Nilikwenda kumwambia kama ninayepeleka habari ya msiba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: "Itauma?" Nikasema hapana.

Jumatano tulikaa wote watatu. Mtoto akaanza: moja, mbili, tatu. Sauti ikakatika. Tukangoja saa nzima, na nyingine. Galina akavua hedifoni, akazitundika, akasema, "Amepumzika." Kisha akaenda kufunga mizigo. Rustam alinikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikauma.

Sasa Baba, sikia.

Alhamisi asubuhi, kama saa nne, nilikwenda kuzima mitambo moja moja, ili tusiache kitu kikiwaka. Kupitia dirishani nilimwona Galina nje kwenye theluji, anafunga kamba sanduku lake, Rustam amemshikia. Nilikuwa nimebakiza mtambo mmoja. Nikanyoosha mkono, nikasikia sauti kwenye hedifoni zilizotundikwa ukutani.

Nikazivaa. Hakukuwa na mkoromo safari hii. Ilikuwa sauti safi, kama mtoto yuko chumba cha pili. Moja, mbili, tatu. Nikatazama mshale unaopima nguvu ya mawimbi. Ulikuwa umelala kwenye sifuri. Nikatazama kinasa sauti, labda tumesahau kanda ndani. Kilikuwa tupu. Nne, tano, sita, saba. Akakohoa.

Siku zote baada ya kikohozi huanza upya. Hakuanza. Lakini hakuondoka pia. Unajua mtu akikupigia simu, kisha akanyamaza anangoja useme, unavyomsikia kuwa yupo? Ndivyo ilivyokuwa. Nilimsikia anavuta pumzi.

Ningeweza kugonga kioo. Galina alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Nilijua nikimwita atakuja mbio, atakaa kwenye kile kiti, na hatanyanyuka tena. Ningeweza pia kujibu mwenyewe. Kinywa changu kilifunguka, nikakosa neno, kwa lugha yake na kwa lugha yetu. Mkono wangu ukazima mtambo.

Nilipotoka Galina akaniuliza, "Mbona umekawia?"

"Nilikuwa nazima mitambo."

Akanitazama. "Palikuwa na kitu?"

"Hapana kitu," nikasema.

Ijumaa, ndani ya lori, alilala njia nzima, kichwa begani kwangu. Tulipofika relini akaniambia hajawahi kulala hivyo tangu azike mtoto. Jana amepanda treni kwenda kwa dada yake kaskazini. Alinipungia mkono dirishani akicheka, ameninyooshea kidole kichwani: kofia. Rustam amerudi kijijini kwao. Mimi nimebaki na benchi hili na kalamu, na kila ninapofumba macho naisikia ile pumzi inayongoja.

Serikali iliondoa machifu nikiwa sijazaliwa, lakini nimekua nikiona watu wanakuja sebuleni kwako na mashauri yao, kwa sababu huwa huna haraka. Basi na mimi nakuletea langu. Nilimnyima mama sauti ya mwanawe ili aishi. Na mtoto aliyekuwa anangoja, yeyote aliyekuwa, nilimfungia mlango. Vitabu nilivyosoma haviniambii kama nilitenda haki.

Ninarudi, Baba. Ubalozi umeahidi tiketi kabla ya Pasaka. Lakini naomba wazee wasinikalishe kwenye kiti hicho mpaka wewe na mimi tumekaa wawili, na umenipa hukumu yako. Ukisema nilikosea, kiti apewe mwingine, nami nitakusaidia shambani.

Mama, usilie, nipikie ugali tu. Nisalimie Dada Skolastika muuguzi na mwanawe mpya ambaye sijamwona, Shangazi Yustina mwenye duka la khanga, na Mjomba Mauri fundi baiskeli, mwambie spana alizoniomba ninazo. Mfikishieni shikamoo yangu katekista wa Mpitimbi aliyenifundisha kusoma.

Ni mimi mwanao, ninayekuja kwako kama wanavyokuja wengine wenye mashauri,

Placidi