Kona ya Njia ya Makanya

Bibi yangu wa Suji,

Basi, kama nilivyokuwa nikikusimulia pale kaburini kabla mvua haijanifukuza, mume wangu anajua kuchemsha chai. Najua unacheka. Anaamka kabla yangu, anapuliza moto mpaka machozi yanamtoka, kisha ananiletea kikombe kitandani kana kwamba mimi ni mke wa Gavana. Majirani zetu hapa Same, kwenye nyumba za reli, wameanza kutuchungulia. Na mimi shati lake la ukarani nalipiga pasi mara mbili, si kwa sababu limekunjamana, bali kwa sababu ni lake. Bibi, nimeolewa! Nikiwa kisimani peke yangu bado nalisema neno hilo kwa sauti, nisikie linavyolia.

Unakumbuka likizo ile niliyorudi kutoka sekondari na kukuambia nataka mume atakayenishika mkono njiani? Ulikuwa unapalilia maharage. Ukanyoosha mgongo, ukanitazama kwa huruma, ukasema, "Sasa mkono wake ukiushika wewe, jembe atalishika nani?" Ukaendelea kupalilia, mabega yakikutikisika kwa kicheko. Lakini nilipokuletea kijana huyu wa Ugweno aje kukuamkia, ulimpakulia makande, ukaketi mbele yake, ukamtazama akila mpaka sahani ikaisha. Kisha ukanivuta jikoni. "Anakula kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. Olewa."

Hukuiona arusi. Hilo bado linaniuma katikati ya furaha yangu yote.

Nakukumbuka kwa vitu vidogo, Bibi. Viganja vyako vilinuka moshi na majani ya mgomba. Siku ya zamu yetu ya maji, walipofungua ndiva, lile bwawa letu la juu mlimani, ulikuwa umeshasimama mferejini na kanga umeifunga magotini, ukiziba hapa kwa udongo, ukifungua pale kwa wayo, na maji yakikufuata kama ndama. Ulinifichia viazi vitamu kwenye majivu ya moto, halafu ukawauliza wajukuu wengine kwa mshangao, "Viazi? Viazi gani?" Na wale kuku wako! Uliwapa majina ya mawifi zako, uliowakuta hapo ulipoletwa kutoka Mhezi ukiwa bibi arusi. Kila jioni uliwagombeza kuku kwa maneno yote ambayo katika maisha yako hukuthubutu kuwaambia mawifi. Wao wakipita, uliwakaribisha uji.

Lakini zaidi ya yote nakumbuka siku za gulio. Tuliteremka Makanya na ndizi, tukapanda na chumvi, samaki wakavu na mafuta ya taa, wewe na kikapu kichwani, mimi nyuma na kibuyu. Jua la bondeni lilitufuata mpaka kwenye ile kona yenye jiwe kubwa. Hapo tulimkuta Babu ameketi. Alikipokea kikapu, akakiweka begani, akatangulia, nawe ukapanda nyuma yake mikono mitupu, ukipunga hewa kama msichana. Mwanamume wa kwetu habebi kikapu cha mkewe. Akionekana, wenzake watamtania mpaka azeeke. Kwa hiyo tulipofika kwenye mibuni ya kwanza, kabla ya nyumba ya Mama Namsifu, kikapu kilirudi kichwani kwako, na Babu akapita mbele na fimbo yake, mtu mzima mwenye shughuli zake.

"Baba Eliamini, za huko bondeni?" Mama Namsifu alikuwa akimuuliza Babu kutoka uani.

"Sikufika bondeni. Nilikuwa natafuta mbuzi."

"Mbuzi gani huyu, jamani, anayepotea siku ya gulio tu?"

Nawe chini ya kikapu uling'ata pindo la kanga usije ukacheka. Mbuzi wetu wote walikuwa wamefungwa zizini, wakilia kwa sauti, na kijiji kizima kikiwasikia.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuandikie leo.

Tangu ulipotutoka, kila siku ya gulio Babu anachukua fimbo, anateremka mpaka kwenye kona ile, anakaa, jioni anapanda peke yake. Baba mdogo alipopata habari hizo hapa Same, alishikwa na hofu. "Mzee amechanganyikiwa," aliniambia. "Anamngoja marehemu. Siku moja ataanguka kwenye mawe. Nenda kamteremshe, aje akae kwangu. Wewe hakukatalii kitu." Na wewe unajua, Bibi, baba mdogo ndiye aliyesimama mahali pa marehemu baba siku ya arusi yangu. Sijawahi kumjibu. Nikaenda.

Nilimkuta Babu konani, nikaketi kando yake.

"Baba mdogo anasema uteremke ukakae Same."

"Same kuna nini?"

"Kuna sisi."

"Ninyi mna miguu," akasema. "Njooni."

Nikajikaza. "Babu, watu wanasema unamngoja Bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilimzika kwa mikono yangu. Nimngoje vipi?" Kisha akaanza kuchora chini kwa fimbo. "Unajua kwa nini nilikuwa namrudishia kikapu pale kwenye mibuni?"

"Uliona haya."

"Mimi? Mimi ningekibeba mpaka jikoni. Bibi yako ndiye aliyeninyang'anya. Alisema, 'Wakikucheka wewe, mimi nitawajibu. Na nikianza kuwajibu, sitanyamaza tena.' Basi nilikuwa na kipande hiki tu cha njia. Hapa ndipo alipokubali kusaidiwa. Nyumbani alikataa kila kitu. Nikikaa hapa namwona vizuri kuliko kule."

Bibi! Miaka yote niliisimulia habari hii kama kichekesho cha Babu mwoga. Nilimsimulia hata mume wangu hivyo. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unamlinda, huku shingo yako ikilipa, wewe uliyewagombeza kuku ili amani ya nyumba isivunjike. Nililia pale kwenye jiwe, na Babu akanipigapiga mgongoni akidhani nimemkumbuka mume.

Mtu kama huyu nimteremshe, nimkalishe barazani, atazame mabehewa ya mkonge yakipita? Aupoteze uso wako, anaouona vizuri pale konani?

Nilirudi Same peke yangu, nikamwambia baba mdogo kwamba sitamleta. Akaniangalia kama mtu asiyenijua.

"Haya ndiyo matunda ya kusomesha mtoto wa kike," akasema. "Akianguka huko, nani atamwokota? Kalamu yako?"

Alikuwa anasema kweli. Ndipo mume wangu, aliyekuwa ameketi nasi, ameinama juu ya kikombe chake, akasema polepole, "Baba, Makanya kuna stesheni. Hakuna karani anayeitaka."

"Makanya kuna joto na nyoka."

"Ndiyo, baba. Na kuna njia ya Suji."

Nilitaka kumkumbatia mbele ya mkwe wake! Sikufanya hivyo, ulinifundisha adabu. Mkubwa wake wa kazi alishangaa, karani kijana kuomba kupelekwa mahali ambapo wengine hupelekwa kwa kuadhibiwa, lakini amekubali. Kila siku ya gulio nitaweza kupanda mpaka konani, na siku nyingine zote Babu hatakuwa mbali nasi. Baba mdogo naye amelegea, ingawa kwa shingo upande. "Mzee akipatwa na neno," alisema, "nitakuuliza wewe, si mumeo."

"Niulize mimi," nikamjibu.

Naogopa, sikufichi. Babu ni mzee, njia ina mawe, na huenda ikaja siku ambayo baba mdogo ataniuliza kweli. Siku hiyo nitasimama mbele yake na kumwambia kwamba nilichagua, na kwamba Babu alikuwa mahali alipopataka. Naona ni afadhali jibu hilo kuliko kumwona babu yangu akinyauka kwenye kiti kizuri.

Vyombo vyetu ni vichache, tumeshaanza kuvifunga. Mume wangu anaimba huku akifunga, vibaya sana, nami namwona mzuri kuliko wanaume wote wa Upare. Kaa salama huko ulikolala, Bibi, usiwe na wasiwasi na mzee wako. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda Suji mimi na mume wangu, tumchukue Babu, tuje kukuamkia sote watatu.

Ni mimi, mjukuu wako, sasa mke wa mtu.