Binti Yako Hawezi Kuchuchumaa

Mdogo wangu Hamisi,

Nimekaa barazani kwangu hapa Nachingwea, sala ya alasiri imekwisha, na ninaandika barua ambayo najua haitajibiwa. Ulipokuwa hai nilikuandikia barua chache, na karibu zote zilikuwa za kukuamrisha. Hii si ya namna hiyo. Nina hofu, Hamisi, na mtu ambaye ningemweleza hofu hii ni wewe.

Jambo lenyewe ni Zuhura. Keshokutwa, Jumamosi, makocha wa timu moja ya wanawake ya Dar es Salaam watafika Ruangwa kuwatazama wasichana wakicheza, na watakaowaridhisha watasajiliwa. Binti yako ameitwa. Kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, inatakiwa saini ya mlezi. Mama yake, shemeji Mwanahawa, amenipa fomu na kusema, "Shemeji, baba yake sasa ni wewe." Fomu iko mbele yangu na sijaitia saini.

Goti lake la kulia ni bovu. Naye amelificha.

Tangu tulipokuzika kule Nkowe, timu yako ya wasichana anaifundisha Rajabu, aliyekuwa msaidizi wako. Ni kijana mwema, lakini ana haraka. Mazoezi ameyahamishia asubuhi, katika msimu huu wa kupulizia mikorosho, na wasichana wanafika uwanjani moja kwa moja kutoka shambani wakiwa na unga wa salfa kwenye nyusi. Wewe ulikuwa ukisema, "Waacheni wakohoe kwanza, mpira hauondoki." Sasa wanakohoa huku wakikimbia. Kubwa zaidi ni kwamba Rajabu ameacha ile desturi yako ya kuwachuchumaza. Anasema inapoteza muda.

Siku ya kwanza nilipoiona desturi hiyo, niliidharau. Nilikuja Ruangwa kukutembelea, nikakukuta umekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu wako umeunyosha mbele kama gogo, na wasichana wote wamepanga mstari. Mmoja mmoja alikuja mbele yako, akachuchumaa, visigino chini, mikono mbele, ukahesabu hadi kumi. Aliyeinua kisigino au aliyekunja uso ulimrudisha nyumbani siku hiyo, hata akiwa mfungaji wako bora. Wakilalamika uliwaambia, "Mdomo hudanganya, goti halidanganyi." Nami nikakukemea mbele yao: "Hamisi, hawa ni wachezaji, si vyura." Wasichana walicheka. Wewe pia ulicheka. Ungeweza kunieleza sababu ya kufanya vile, lakini hukunieleza. Nadhani ulikuwa ukinisitiri.

Maana sababu ilikuwa mimi.

Sijawahi kuliandika jambo hili, wala kulisema mpaka wiki hii. Ulikuwa mwaka wako wa tatu katika ile timu kubwa ya Dar es Salaam. Ulipiga simu shuleni nilikofundisha, mwalimu mkuu akaniita ofisini. Sauti yako ilikuwa ndogo. Ulisema, "Kaka, goti limevimba. Wanataka kunichoma sindano nicheze Jumapili. Nifanye nini?" Mwalimu mkuu alikuwa amesimama karibu, anasikiliza. Vijana wa mtaani walikuwa wamekwisha kununua betri za redio kwa ajili ya mechi hiyo. Nikakujibu kama ninavyomjibu mwanafunzi aliyechelewa: "Umeajiriwa kucheza. Cheza." Nikakata simu.

Jumapili ile ulifunga bao. Tulilisikia redioni, na watu, kwa kukukosa wewe, walininyanyua mimi mabegani, mimi ambaye sikuwahi kupiga mpira ukanyooka. Nilifurahi, Hamisi. Nilifurahi sana. Msimu haukuisha ukawa hujiwezi, na baada ya hapo hukucheza tena kama ulivyokuwa ukicheza. Ulirudi kusini, ukasomea ukocha, ukaanza upya kwa mguu mmoja. Hukunilaumu hata siku moja. Nikajidanganya kwamba umesahau.

Halafu siku ya mazishi akaja mtani wetu Selemani kutoka Nambambo. Unamjua. Alivaa koti lako la mazoezi, akaning'iniza filimbi yako shingoni, akaanza kuchechemea kuzunguka kaburi kama ulivyokuwa ukitembea wewe, huku akipuliza. "Kocha, mpira umekwisha, toka nje! Refa, usimwongezee dakika, huyu mbishi!" Waliokuwa wakilia walicheka. Mimi pia nilicheka, kama inavyotakiwa. Ndipo akasimama mbele yangu na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwalimu, guu hili ulilivunja wewe kwa simu. Leo umekuja kulizika?"

Watu walicheka zaidi. Mtani hakasirikiwi, hilo tumefundishwa tangu utotoni. Lakini nilibaki nimeshika jembe bila kujua nilifanyie nini. Mwalimu mkuu alisikia jibu langu tu; habari ya goti na sindano tuliijua wawili. Kwa hiyo ulimwambia. Tangu siku hiyo najiuliza ulimwambia vipi. Mlikuwa mkitaniana na kucheka? Au ulimwambia siku ambayo goti lilikuuma na hukuwa na mtu mwingine wa kumweleza? Sina pa kuuliza. Selemani nimemfuata mara mbili. Kila mara ananijibu kwa mzaha.

Katika hitima ya arobaini nilimwona Zuhura upande wa wanawake. Wote walikuwa wamekunja miguu mkekani. Yeye peke yake alikuwa ameunyosha mguu wa kulia chini ya kanga. Nilipoteza mahali nilipokuwa nikisoma.

Jumatatu nilipanda Hiace hadi Ruangwa. Nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Sikumsalimu vizuri hata. Nilimwambia, "Zuhura, chuchumaa."

Akacheka. "Baba mkubwa, umekuwa kocha lini?"

"Weka ungo chini. Chuchumaa."

Alijaribu, Hamisi. Alishuka hadi katikati, kisigino kikainuka, akashika ukuta. Akabaki hapo, hashuki wala hapandi, akitazama ukuta ili nisimwone uso. Nikamwinua. Tulikwenda hospitali, akapigwa picha, daktari akalikunja na kulikunjua goti, akasema kuna kitu kimechanika ndani yake, na kwamba asikimbie wala asirukeruke mpaka apone. Akicheza sasa, alisema, linaweza kuharibika moja kwa moja.

Tulipofika nyumbani alisema yote pamoja. "Wewe ndiye uliyemwambia baba acheze. Watu wote walisikia kaburini. Mimi unanikataza kwa nini?" Nikamweleza habari ya simu tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikujitetea. Nilidhani akijua atalegea. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo kosa lako, baba mkubwa, linanikalia mimi?" Na alipokuwa akiingia ndani akasema jambo ambalo halinitoki: "Baba angenielewa."

Je, ungemwelewa? Wewe uliyewarudisha nyumbani wafungaji wako? Nadhani ungemrudisha. Lakini wewe ungekuwa na haki ya kumrudisha, kwa sababu guu lilikuwa lako. Mimi nina nini?

Rajabu naye amekuja hadi hapa Nachingwea kwa bodaboda kuniomba. Alikunywa chai kwa adabu, akaniita mwalimu kila baada ya maneno mawili, halafu akasema, "Mwalimu, sindano ipo. Ni mechi moja tu. Wakishamsajili, watamtibu wao wenyewe." Nikaondoa kikombe chake mezani. Yalikuwa yale yale, Hamisi, isipokuwa safari hii aliyeulizwa alikuwa ameketi mbele ya picha yako.

Nimempigia simu kocha mkuu wa timu inayokuja. Ni mwanamke mwenye sauti ya upole. Nilimweleza ukweli wote. Alinishukuru, akasema mgonjwa hawamsajili, na huenda watarudi kumtazama msimu ujao, lakini hakuahidi. Kwa hiyo huenda nimemfungia binti yako mlango ambao hautafunguliwa tena. Silali vizuri kwa ajili ya jambo hilo. Nilikosea niliposema ndiyo, nikiwa na uhakika kabisa. Leo nasema hapana, na sina uhakika wowote ila neno la daktari na kisigino kile kilichoinuka.

Fomu sitaitia saini. Hilo limekwisha. Lakini fomu ni karatasi tu. Rajabu anaweza kuleta nyingine na kuwaambia makocha kwamba amepona, na shemeji, kwa kumhurumia mtoto, anaweza kuitia saini yeye. Jana nilimpigia Zuhura mara tatu, hakupokea. Leo shemeji amenieleza kwamba Zuhura amezifua njumu zake na kuzianika juani. Sijui maana yake ni nini. Huenda anaziweka vizuri hadi atakapopona. Huenda sivyo.

Kwa hiyo Jumamosi nitapanda gari la kwanza kwenda Ruangwa. Nitakaa karibu na benchi la timu, nikiwa na kanzu yangu na fimbo yangu. Zuhura akija kukaa pembeni, nitakaa naye mpaka mechi iishe, na akitaka kunyamaza tutanyamaza wote. Akiingia uwanjani, nami nitaingia. Nitavuka mstari mbele ya makocha, wageni na mji mzima, nimshike mkono nimtoe. Refa anipulizie, watu wazomee, watoto wanirushie maganda ya miwa. Sijali. Nimejiheshimu miaka mingi, na heshima hiyo haijamsaidia mtu yeyote wa nyumba yetu.

Nisamehe, mdogo wangu. Neno hili nilipaswa kukuambia ulipokuwa umekalia ndoo yako, ukinisikia. Nililiahirisha kila mwaka kwa sababu nilikuwa mkubwa wako, na nilidhani mkubwa haombi.

Nakuahidi jambo moja tu, kwa kuwa ndilo ninaloliweza: hakuna atakayemchoma binti yako sindano mimi nikiwa hai. Pengine hataniita tena baba mkubwa. Pengine atanichukia mpaka awe bibi mwenye wajukuu. Na anichukie, Hamisi, mradi awe anatembea.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Mimi kaka yako,
Issa