Nassor Yuko Mlimani

Darsait, Maskati

Mama yangu mpenzi,

Nakushikia miguu. Goti lako limetulia, au bado linakuamsha kabla ya adhana? Mie mwanao mzima. Tumbo bado linanitangulia mlangoni, na mke wangu ameacha kulisema, naona amekata tamaa. Barua hii nampa Sharifa, mtoto wa jirani, anakuja huko kwa ndege. Kwa simu ungeisikia sauti yangu ukajua lote kabla sijasema.

Jambo lenyewe ni mume wa dada yangu Zuwena. Unajua Nassor anapeleka unga Yemen kwa lori. Safari hii, ndani huko, wapiganaji wamemkamata pamoja na gari. Hawakumpiga, wamemfanya dereva wao. Wana ghala katika mapango juu ya mlima, risasi, dizeli na vyakula, na njia ya kupandia ni moja tu. Jeshi la huko, likisaidiwa na ndege za wageni, linautaka mlima huo. Asubuhi wanauchukua, jioni wapiganaji wanaurudisha. Chochote kinachopanda njia ile, ndege zinakipiga. Na kinachopanda ni shemeji yangu.

Mwanzo alikuwa akiibia kupiga simu. "Shemeji," akaniambia, "huku ukisikia ndege huangalii juu. Unaangalia pango liko mbali kiasi gani." Nikamtania kwamba kwa zile mbio zake za bata atafika keshokutwa. Akacheka.

Kisha hakupiga tena. Juzi dereva mwenzake aliyetoroka kafika hapa, akasema kaliona lori la Nassor limeungua, limelala ubavu njiani. Mwenyewe hakumuona.

Hapo nikafanya kama unavyonijua, mbio bila akili. Nikatandika mikeka ukumbini, nikaita majirani, nikaagiza pilau kwa wapishi wa mtaa wa Hamriya kwa ajili ya khitma. Zuwena akavua bangili, akaomba nguo za eda. Sheikh wa msikiti wetu alipoingia hakukaa. Akauliza, "Nani kaiona maiti?"

Nikamvutia mkeka akae.

"Gari likiungua ni gari. Mnamkalisha eda mke wa mtu bila kujua mumewe yuko wapi?" Akanigeukia mie. "Na wewe, na ndevu zote hizo."

Zuwena akasema nyuma ya pazia, "Sheikh, nivae au nisivae?"

"Subiri."

"Nisubiri nini?"



Pilau likaingia, masufuria mawili, na watu wakaniuliza tule kwa nia gani. Ndipo simu ya Zuwena ilipolia, namba ngeni. Akaweka spika, sote tukasikia: "Zuwena, ni mie."

Wanawake wakapiga vigelegele, akawanyamazisha. Nassor alikuwa ameruka kabla gari halijashika moto. Bega limeungua. Akasema taratibu, "Wamenipa gari jengine. Kesho napandisha dizeli."

Zuwena akamjibu kwa ile sauti yake ya kugombeza, uliyomrithisha wewe: "Mwenye bega bovu hashiki usukani. Waambie huwezi."

"Nishawaambia."

"Wakasemaje?"

"Mkono mmoja unatosha."

Simu ikakatika.

Mama, mie nna khofu ambayo sijapata kuwa nayo. Hiyo kesho aliyoisema ndiyo leo, na simu hailii. Toa sadaka, na uwaambie watoto wa chuoni wamsomee Kurani, wasiulize ni mzima au marehemu, wasome tu.

Nisalimie shangazi mpika mikate, na kaka mkubwa fundi seremala, mwambie nampa ruhusa anicheke kwa khitma hii nikija. Nibusie wajukuu.

Jana, simu ilipokatika, watu waliinuka wakaanza kukunja mikeka, kwa kuwa msiba haupo. Zuwena akatoka nyuma ya pazia, akaikanyaga ncha ya mkeka. "Kaeni. Kuleni. Hakuna anayekwenda kwao mpaka apige."

Wamo humu bado, mama. Wanazungumza kwa kunong'ona.

Mwanao,
Salum