Mama Mkwe Alivyonifunga Kinywa

Shoga, nimekwisha. Nimejifungia chooni.

Ule mchezo wetu wa mezani wa mashujaa, uchawi wa Funga Kinywa si ulikuwa dhaifu, unamnyamazisha shujaa wa mchezoni tu? Leo nikajifanya mwerevu, nikapendekeza: anayepigwa nao, mchezaji mwenyewe anyamaze kweli mpaka zamu yake. Wote wakakubali.

Mama mkwe akarusha dadu, akanipiga nao MIMI. Na tuko upande mmoja!

Halafu akaweka kikombe chini. "Nahamia kwenu mwezi ujao. Kuna anayepinga?"

ANAYEPINGA, shoga!

Nikamkodolea macho mume wangu. Nikamkanyaga chini ya meza.

"Mke wangu hana neno, mama."

Hana neno!!

Zamu yangu ikafika. Mama akanigeukia, anatabasamu. "Haya, sasa sema, mwanangu."

Nikasema, "Karibu sana, mama."